Mkono wa Ngurumo

Kuna uchovu unaoisha ukilala, na kuna uchovu unaolala nawe kitanda kimoja kisha ukakutangulia kuamka. Shoto alikuwa na huu wa pili. Asubuhi aliubeba hadi karakana ya kushona sare, mchana akaubeba kurudi nyumbani kumlisha baba yake, alasiri akaubeba tena kwenda kumalizia kazi, na jioni akarudi nao, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu asijue amkabidhi nani.

Jina la Shoto alipewa na wenzake wa karakana, kwa kuwa alikata vitambaa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na mkasi wake mwenyewe, uliotengenezwa kwa ajili ya mkono huo, na ukiazimwa na mtu wa mkono wa kulia kitambaa kilijikunja katikati ya makali kama kinamcheka. Kwa hiyo mkasi wake haukuwahi kuibwa. Mahali kama pale, hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Mchana ule alimkuta baba yake palepale alipomwacha, kwenye kiti cha karibu na dirisha, shuka magotini, mkono wa kulia umelala juu ya paja kama kitu alichokisahau mgeni. Kiharusi kilikuwa kimechukua mguu wake kikaurudisha nusu. Kilichukua ulimi kikaurudisha vipande vipande. Mkono wa kulia kiliondoka nao moja kwa moja, na ule ndio uliokuwa mkono wenyewe, kwani kwa mkono ule mzee alikuwa amechora maisha yake yote.

Shoto alipasha supu ya maboga, akavuta meza ndogo, akaliweka bakuli upande wa kushoto wa mzee kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi. Akamshikisha kijiko. Mzee akakitazama kijiko, akalegeza vidole, kijiko kikaanguka sakafuni kwa mlio ambao Shoto alikuwa ameshauzoea kama kengele ya shule.

"Baba, jaribu basi."

"Huu," mzee alisema, akitafuta kila neno kama anayetafuta ufunguo gizani, "si... mkono."

"Ni nini sasa? Mwiko?"

Kona moja ya mdomo wa mzee ilitikisika, lakini haikufika kwenye kicheko. Akafungua kinywa alishwe. Shoto akaokota kijiko, akakiosha, akaanza kumlisha, jicho moja kwenye bakuli na jingine kwenye saa ya ukutani. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema bila kuzunguka: mkono wa kushoto ni mzima kabisa, mwenyewe ndiye asiyeutaka. Ndugu yake Shoto, mdogo wake wa kiume aliyekuwa mbali kwa kazi, alisema hivyohivyo kwenye simu, kisha akaongeza, "Tuko pamoja, dada." Shoto alimjibu kwamba kama wako pamoja, basi kesho mchana aje na kijiko.

Aliporudi karakana alikuwa amechelewa, na Mama Tepu alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kukatia.

Mama Tepu ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Tepu ya kupimia haikubanduka shingoni mwake, na wafanyakazi walisema hata kitandani huwa nayo, apime usingizi umefika wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na oda ya makoti ya shule, na shule haziahirishi kufunguliwa kwa sababu mtu ana baba mgonjwa.

"Shoto, nimekuvumilia."

"Najua, Mama."

"Wewe usipokata, washonaji wote wanakaa wananitazama mimi. Nami si sinema. Kuanzia Jumatatu sitaki kuona meza hii tupu mchana. Ikiwa huwezi niambie mapema, nitafute mkataji mwingine, na moyo utaniuma, lakini nitamtafuta."

"Jumatatu nitakuwepo."

"Baba je?"

"Atakula mwenyewe," Shoto alisema, na papo hapo akatamani angekuwa na mtu wa kumwambia yeye maneno hayo kwa sauti ya uhakika namna ile.

Maana hesabu yake ilikuwa nyepesi, na kila njia aliyoipita ilimrudisha palepale. Mzee akikubali kula kwa mkono wa kushoto, Shoto angeacha chakula kwenye chupa ya kutunzia joto, afanye kazi kama watu wengine. Mzee akikataa, kazi ingekwenda, na bila kazi hata hicho chakula cha kukataliwa kisingekuwepo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema lolote kuhusu kumlea mzee, pengine kwa sababu na wao walikuwa wamechoka.

*

Kesho yake jioni mlango uligongwa kwa mapigo ya fimbo, akaingia Fundi Kalibu.

Fundi Kalibu alikuwa rafiki wa mzee tangu enzi za kiwanda cha plastiki, ambako yeye alichonga kalibu za chuma. Kalibu ni kitu chenye shimo la umbo. Plastiki ya moto inamiminwa ndani, inapoa, kinatoka chombo. Nusu ya mabeseni ya mji yalikuwa yametoka kwenye mashimo aliyoyachonga yeye. Sasa alitembea kwa fimbo na kusikia kwa sikio moja, lakini mdomo ulikuwa na nguvu zake zote.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mvivu bado amekaa tu? Mimi nimetembea njia nzima na goti bovu, yeye analetewa supu kama bwana harusi."

Mzee alitoa sauti ya puani. Kwake siku zile, hiyo ilikuwa hotuba.

Fundi alikuwa amebeba mfuko. Alisema binti zake wanamhamishia kwao, anapunguza takataka, na chini ya kitanda amekuta kitu. Akatoa boksi la karatasi ngumu lenye dirisha la nailoni. Rangi ya boksi ilikuwa imefifia kama shati lililofuliwa miaka, lakini nyuma ya dirisha, amesimama wima na joho lake jekundu, alikuwemo Ngurumo.

Shoto aliinama kumtazama kupitia dirisha lile.

Hakuwa amemwona mzima tangu utotoni. Ngurumo alikuwa mwanasesere wa plastiki wa urefu wa kiganja na nusu, mabega yanazunguka, magoti yanakunjika, kifuani alama ya radi, na mkono wa kushoto umeinuliwa juu, ngumi imekazwa. Wakati wake hakukuwa na mtoto asiyemjua. Mwenye kiwanda, aliyeishi kwa kuuza ndoo na mabeseni, aliamka siku moja akasema watoto nao ni wateja. Akamwita baba yake Shoto, ambaye kazi yake hapo ilikuwa kuchora maua ya kubandikwa kwenye majagi, akamwambia amchoree shujaa. Fundi akachonga kalibu. Na ili shujaa asiwe bubu, kila boksi likawekewa kitabu chembamba cha katuni kinachosimulia mambo yake.

Katuni zikapendwa kuliko plastiki yenyewe. Watoto walinunua boksi kwa ajili ya kitabu, kisha vitabu vikaanza kuuzwa peke yake. Na kwa kuwa kiwanda hakikutaka kutupa kitu, mashujaa wengine walizaliwa kwa kufuata mabaki. Plastiki ya buluu ikibaki kwenye mabeseni, mwenye kiwanda alikuja na kusema, "Mchoraji, kuna buluu," na mzee alikwenda nyumbani akarudi na Bibi Mawingu, dada yake Ngurumo, na kitabu chake. Ikabaki kijani ya makopo ya kumwagilia maua, akazaliwa Bwana Magugu, adui wa wote. Mwaka mmoja ilibaki rangi ya udongo kiasi cha kiganja tu, kisichotosha mtu, basi Ngurumo akapata mbwa. Kitabu cha mbwa ndicho kilichouzwa kuliko vyote.

"Kijana mmoja mwenye duka la vitu vya kale aliniambia nisifungue boksi," Fundi alisema. "Eti likifunguliwa halina thamani. Nikamwambia, mimi pia sijafunguliwa miaka mingi, mbona hununui?"

Shoto alicheka. Akalishika boksi mikononi, akalielekeza kwa baba yake. "Muone, Baba. Muone shoto mwenzangu."

"Na unajua kwa nini huyu jamaa ana shoto?" Fundi aliuliza.

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni kwa ajili yangu."

Aliyasema maneno hayo kama mtu anavyosema jina la mama yake, bila kufikiri. Alikuwa ameyabeba tangu darasa la kwanza, wakati mwalimu alipompiga rula kwenye vifundo kila aliposhika kalamu kwa mkono wa kushoto, mpaka akawa anauficha mkono ule chini ya dawati kana kwamba ameuiba. Kisha baba yake akaja nyumbani na kitabu cha *Ngurumo na Bwawa*. Humo shujaa alizuia ukuta wa bwawa usivunjike kwa kuubana kwa mkono wa kulia usiku kucha, na kulipokucha mkono ukawa umekufa nguvu. Akajifunza upya kila kitu kwa mkono wa kushoto: kula, kufunga kamba, kurusha radi. Shoto alikwenda na kitabu kile shuleni. Mwalimu hakuacha rula, lakini mtoto aliacha kuuficha mkono. Miaka yote, alipokuwa amechoka hadi mifupa, alipomgeuza mzee kitandani, alipofua mashuka alfajiri, kulikuwa na sauti ndani yake ikisema: huyu alinichorea shujaa. Sauti ile ndiyo iliyokuwa mshahara wake.

"Kwa ajili yako?" Fundi alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, ni kwa ajili ya upumbavu wangu mimi."

Akachukua kipande cha sabuni kilichokuwa dirishani, akakandamiza dole gumba ndani yake.

"Ona. Hili shimo ndiyo kalibu. Kitakachotoka humu kinatazamana nalo, sawa? Kalibu ni kioo. Upande wa kulia ukiuchonga kulia, unatoka kushoto. Baba yako alichora mtu ameinua mkono wa kulia, safi kabisa. Mimi siku hiyo nilikuwa na jino, jino, mwanangu, nikachonga nilichokiona. Sikugeuza. Tunafungua kalibu, huyu hapa, ana shoto. Na chuma kimeshakatwa, hakirudi. Mwenye kiwanda alitaka kuniweka mimi kwenye kalibu. Na kitabu cha kwanza kilishachapwa, ndani yake anapiga ngumi za kulia ukurasa baada ya ukurasa. Ndipo baba yako akaambiwa atunge jambo, haraka, la kueleza kwa nini mkono umehama. Akaleta lile bwawa. Uongo mtamu kuliko wote niliowahi kuuona ukichapwa."

Na hapo mzee akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, chenye pumzi nyingi kuliko sauti, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu augue. Mabega yalitikisika, machozi yakamtoka jicho moja. "Jino," alisema. "Jino... lako."

Shoto alisimama akasema anakwenda kuweka chai.

Jikoni aliwasha jiko akasimama akitazama maji mpaka yakachemka, yakaendelea kuchemka. Alikuwa ameomba kwa miezi baba yake acheke. Hakujua kwamba kicheko kingekuja kuchukua kitu kama malipo.

Fundi alipoondoka, akiwa ameliacha boksi juu ya meza ("likae kwa mwenye mkono," alisema, bila kujua alichokisema), Shoto alimlaza baba yake, akamfunika, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba. Ni kweli?"

"Kweli."

"Hukunifikiria mimi? Hata kidogo?"

Mzee alitafuta neno kwa muda mrefu. Angeweza kudanganya, hata kwa ulimi ule uliovunjika. Neno moja tu lingetosha. Lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Nili... kasirika," alisema. "Kazi... upya."

Shoto aliitikia kwa kichwa, akanyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. "Sawa, Baba. Lala."

*

Siku iliyofuata alikata mikono ya makoti.

Mkono wa koti si kama mfuko. Una mbele na nyuma, una mpindo wake. Unapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, uso ukitazama juu, unaweka karatasi ya umbo, unakata mikono ya upande mmoja. Kisha unageuza karatasi, unakata ya upande wa pili. Shoto alikuwa amefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba mkono uligeuza karatasi wenyewe bila kumuuliza. Siku hiyo mkono haukugeuza. Alikata, akasukuma rundo pembeni, akapanga, akakata tena, kichwani mwake likizunguka neno moja tu, upya, upya, mpaka Mama Tepu alipokuja kuchukua fungu la kwanza la kuwapelekea washonaji, akainua vipande viwili, akaviweka kifuani mwake kimoja huku kimoja huku.

"Shoto," alisema kwa upole wa kutisha. "Hawa watoto tunaowashonea, wana mikono ya kushoto miwili?"

Cherehani zote zilinyamaza. Kisha mshonaji wa kola akashindwa kujizuia, akacheka kwenye kitambaa, na wengine wakafuata.

Shoto alitazama rundo. Ya kushoto yote, tabaka kwa tabaka, imepangwa vizuri kabisa. Moto ukampanda kifuani, akajikasirikia yeye, akaukasirikia mkasi, akamkasirikia kila aliyemo mle ndani. Kwa kipindi kile hakuwa na baba, hakuwa na mtu yeyote duniani. Alikuwa na kitambaa kilichoharibika na kazi ya kurudia. Na ndani ya hasira ileile, kama mtu anayegongana na jirani yake kwenye giza, akakutana na mzee. *Nilikasirika. Kazi upya.* Basi ndivyo ilivyokuwa. Nani angemfikiria mtoto hapo?

Alikaa kwenye kigoda, akacheka na yeye, kicheko cha mtu asiye na nguvu za kulia.

Mama Tepu alimtazama, akapapasa tepu yake. Yeye pia alikuwa na macho mekundu. Oda ile haikumlaza. "Oda inayofuata ni kitambaa hikihiki," alisema hatimaye. "Kata ya kulia idadi hiyohiyo. Hii ya kushoto itasubiri wenzake. Kosa lako limetangulia kazi, basi. Lakini Jumatatu, Shoto."

"Jumatatu, Mama."

*

Jioni ile, kabla ya kupika, alifungua kabati la mashuka akatoa *Ngurumo na Bwawa*. Kitabu kilikuwa na mkunjo katikati na doa la chai kwenye jalada. Alikuwa hajakifungua kwa miaka. Kitu unachokiamini hukifungui kila siku. Sasa alikaa nacho mezani, karibu na baba yake, akakifungua kama anayesoma mkataba baada ya kutapeliwa. Alitaka kuiona ile haraka ya kazi, alitaka kuuona uongo ulipounganishwa.

Aliuona. Bwawa lilikuwa limechorwa kwa pupa, mistari imekimbia. Watu kijijini walikuwa na uso mmoja. Kisha akafika kwenye ukurasa ambao Ngurumo anakula uji.

Hapo mistari haikukimbia. Picha baada ya picha, shujaa mkubwa amekaa kwenye kigoda kidogo akipambana na kijiko, na chini yake maandishi mafupi: *Akamwaga. Akachota tena.* Katika kila picha mkono ulikuwa mkubwa kuliko uso. Kifundo cha mkono kimepinda kwa ndani kama shingo ya bata anayejikuna. Mpini wa kijiko haukukaa juu ya kidole cha kati kama kwa watu wengi, ulipita katikati ya kidole cha kati na cha pete. Na kidole kidogo kilikuwa kimesimama peke yake pembeni, kama mtoto aliyekatazwa kucheza na wenzake.

Shoto aliuangalia ukurasa. Kisha, polepole, akachukua kijiko mezani, kama anavyokichukua siku zote.

Kifundo kikapinda. Mpini ukapita palepale. Kidole kidogo kikasimama.

"Baba," alisema. "Huu mkono ni wa nani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Mimi... wa kulia," alisema. "Ningeujua... wapi?" Akapumzika, akakusanya maneno mengine. "Nilikutazama. Mezani."

Na Shoto akakumbuka. Jioni zile baba yake alipoacha kula, akakaza macho kwenye mkono wake kwa namna iliyomtisha, naye akauvuta taratibu chini ya meza akidhani baba naye amechoshwa na mkono ule kama mwalimu. Na sauti ya baba yake ikasema, "Hapana, mama. Urudishe. Kula."

"Kalibu... ni kosa," mzee alisema. Aliinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mkono aliosema si mkono, akakielekeza kwenye ukurasa. "Huo... wako."

Kisha Shoto akavuta boksi la Ngurumo, akaingiza ukucha chini ya kifuniko, na gundi ya miaka yote ile ikaachia kwa sauti ndogo ya kukata tamaa.

"Thamani," mzee alionya.

"Wacha iende."

Akamtoa Ngurumo, akamkunja magoti kwa shida, akamkalisha mbele ya bakuli la mzee. Kisha akatia supu kwenye mabakuli mawili, akakaa mkabala na baba yake badala ya pembeni. Ulikuwa muda mrefu hawajakaa hivyo. Anayelisha hakai mbele ya anayelishwa, hukaa ubavuni kama muuguzi. Akaanza kula. Alikuwa na njaa kweli, akala kama anavyokula.

Mzee hakugusa kitu. Alitazama. Aliutazama mkono wake kwa macho ambayo Shoto alikuwa hajayaona tangu kiharusi, macho makali yasiyo na huruma, ya mchoraji anayeiba. Shoto hakuuficha. Aliupeleka polepole zaidi kidogo, basi.

"Kifundo," mzee alinong'ona. "Kumbe... kwanza kifundo."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kijiko. Akaupitisha mpini kati ya kidole cha kati na cha pete, akakosa, akarudia. Supu ya kwanza ilimwagika shatini. Ya pili ilimwagikia Ngurumo. Shoto aliona uso wa baba yake ukianza kufunga kama duka, akajua akisema neno lolote la huruma limekwisha.

"Soma," alisema, akigonga kitabu. "Umeandika nini mwenyewe hapo chini?"

Mzee aliinamisha macho.

"Akamwaga," alisoma kwa shida.

"Endelea."

"Sikumbuki... kama nilikuwa... mkali hivi," mzee alisema, akachota tena.

*

Ijumaa alikataa. Jumamosi alikula nusu, akatupa kijiko, akaomba msamaha kwa macho. Jumapili ilimchukua muda wa kupika chungu kingine kumaliza bakuli moja, na Shoto alikaa mbele yake wakati wote huo, mgongo ukimuuma, akijua kwamba hata mambo yakinyooka, yatanyooka kwa mwendo wa mgonjwa.

Jumatatu asubuhi aliacha supu kwenye chupa ya kutunzia joto yenye mdomo mpana, bakuli, kitambaa, na vijiko kadhaa vya akiba vya kuanguka. Alimwomba jirani achungulie dirishani, asiingie. Kisha akaenda kukata mikono ya kulia.

Mchana ulipofika, wenzake walifungua vyakula vyao. Yeye alibaki mezani. Mama Tepu alipita, akaona meza haiko tupu, akapita tena, na mara ya tatu akamwekea kikombe cha chai pembeni ya mkasi. Shoto alikata. Mkasi ulikwenda vizuri, lakini kila ulipofunga makali alisikia kijiko kikianguka sakafuni.

Alirudi jua likiwa limelegea. Hakubisha hodi, wala hakukimbia. Hakuwa na miguu ya kukimbilia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amelala, kichwa kimeinama. Shati lilikuwa na ramani. Sakafuni kulikuwa na vijiko viwili na kitambaa. Bakulini ilikuwa imebaki supu kidogo tu, na humo ndani, magoti yamekunjwa, mkono wa kushoto umeinuliwa juu, alikuwa amekaa Ngurumo, joho lake limelowa hadi mabegani.

Shoto alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Alijaribu kukadiria supu iliyo shatini, iliyo sakafuni, iliyo kwa Ngurumo, ajue ni kiasi gani kilichofika tumboni. Akaachana na hesabu hiyo.

Mzee akafungua jicho.

"Umekula, Baba?"

"Nusu," mzee alisema. Akaelekeza kidevu kwenye bakuli. "Nusu... kala yeye."

Shoto alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha mkabala. Alijua kwamba kesho kutakuwa na shati jingine la kufua, na keshokutwa jingine. Akamtoa Ngurumo kwenye supu, akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, akamsimamisha mezani akauke.

"Na mimi sijala," alisema. "Kijiko kipi ni safi?"

Mzee alitazama mezani, akachagua kimoja, na kwa mkono wa kushoto, kifundo kimepinda, akampa.